Chupa Isiyofika Mwisho wa Mwezi

Mimi ndiye mkuu wa wahudumu wa mlangoni katika kanisa letu hapa Mobile, Alabama, na kazi hiyo tunaifanya bila kusema neno. Tunavaa glavu nyeupe na kuongea kwa mikono. Nikiinua kiganja usawa wa bega, maana yake maombi yameanza, milango ifungwe, asiingie mtu. Nikikishusha, fungua. Ni ishara ambayo hata mtoto anaisoma kutoka upande wa pili wa kanisa.

Jumapili moja mwezi wa tatu, mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa na kanisa zima limetulia. Nikainua kiganja. Mlango wa kati ulikuwa wa shemeji yangu, Shemasi Otha Pettway, mume wa dada yangu Verlene. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri sana, kisha akaufungua wazi kabisa. Ikaingia familia nzima pamoja na mtoto anayelia, wakapita katikati kabisa hadi viti vya mbele, huku mchungaji akimwomba Mungu atujalie utulivu.

Ibada ilipokwisha nikamfuata.

"Shemeji, leo vipi?"

"Vipi nini? Ulinipungia nifungue."

"Sikukupungia. Niliinua mkono."

"Basi uinue kama mwanaume. Unauinua kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni."

Nilicheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Verlene hakucheka. Alinishika kiwiko akanipeleka kwenye maegesho, mbali na masikio ya watu.

"Kaka, ni macho," alisema. "Presha ya macho imempanda tena. Daktari kamwambia akirudi mwezi ujao akaikuta bado iko juu, ni kupasuliwa, na gari aliache."

"Gari lake?"

"Lake, na basi la kanisa."

Hapo nikaelewa kwa nini hakucheka. Otha alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa, na tangu siku hiyo kazi yake ni lile basi dogo jeupe la kanisa. Jumapili asubuhi anazunguka kuwachukua wajane, Jumatano jioni anawapeleka kwenye somo la Biblia, na katikati ya wiki anampeleka huyu kliniki na yule sokoni. Anajua nani anahitaji kigoda cha kupandia na nani atakasirika akiletewa. Ukimuuliza anafanya nini siku hizi, hatakuambia amestaafu. Anakuambia, "Naendesha."

"Lakini si ana dawa?" nikauliza.

"Anayo. Inaisha kabla ya mwezi. Kila mwezi. Halafu anakaa hivihivi, hana hata tone, mpaka ije nyingine. Nikimuuliza anasema wanampunja."

"Nani anampunja?"

"Muulize mwenyewe. Anakuja kwako kesho. Anataka shahidi."

Kweli Jumatatu asubuhi alifika kwangu, kavaa tai. Nilikuwa kibarazani na sahani yangu ya uji mzito wa mahindi na mayai. Alikaa bila kukaribishwa akaweka kichupa juu ya meza, kichupa kidogo kuliko kidole gumba.

"Kitazame," alisema.

"Nakitazama."

"Hicho ndicho cha mwezi mzima. Bima wanalipa kimoja tu. Dukani wala sihitaji kuomba, mtambo wao unaijaza wenyewe kila mwisho wa mwezi, halafu ananipigia yule mwanamke wa mashine: dawa yako iko tayari. Nami humjibu asante, mama, kwa kuwa nililelewa vizuri. Sasa niambie wewe, mtu mwenye akili, tone moja kila jicho kabla ya kulala, kinawezaje kuisha katikati ya mwezi?"

"Sijui. Kinawezaje?"

Akasogea karibu. "Tundu."

"Tundu gani?"

"La chupa. Wamelitoboa kubwa makusudi. Tone likitoka si tone, ni kijiko. Wewe unamaliza haraka, wao wanauza nyingine."

"Lakini hawakuuzii nyingine, Otha. Wewe unakaa bila dawa."

"Kwa sababu mimi nimewagundua."

Mimi ni mtu wa kusoma, na nilikuwa nimekisoma kijitabu changu cha bima jalada hadi jalada, maana sipendi kusaini nisichokijua. Nilijua kwamba ukiomba dawa kabla muda haujafika wanakataa, na kwamba dawa ya Otha ni ya aina ile ambayo bila bima ungeweza kununua friji kwa bei yake. Lakini habari ya tundu sikuisoma popote. Nikamwambia anionyeshe.

Kichupa chake kilikuwa kitupu, kwa hiyo alitumia matone yangu ya macho makavu. Alisimama, miguu ameitanua kama askari wa gwaride, akarudisha kichwa nyuma kadiri shingo ilivyomruhusu, na haikumruhusu mbali. Akainua mkono. Mkono ulikuwa ukitetemeka, si sana, kama majani ya juu tu ya mti. Halafu, tone lilipokaribia kutoka, akafumba macho.

Tone la kwanza lilitua kwenye nyusi. La pili likateleza shavuni mpaka kwenye ukosi wa shati. La tatu sikuliona lilikokwenda, ila alilipangusa sikioni. La nne liliingia, nadhani.

"Umeona?" alisema akijifuta kwa leso. "Kijiko."

"Otha, umefumba macho."

"Nani?"

"Wewe. Matatu yamekwenda nje."

"Hayo ni ya kusafisha njia."

"Basi mwache Verlene akuwekee."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avuliwe nguo kanisani. "Verlene ameshaniomba. Nafunga mlango wa bafu kwa komeo. Nimebeba magogo ya karatasi maisha yangu yote, Wendell, sitalazwa chali nitiwe dawa machoni kama paka. Chukua funguo zako, twende dukani. Wewe simama tu pembeni uonekane umesoma."

Duka la dawa tunalolitumia liko ndani ya duka kubwa la vyakula, na mfamasia wake ni Keturah Broughton. Huyo tulimwona akizaliwa. Otha ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili, akamkaririsha vitabu vyote vya Biblia kwa mpangilio, na alipokosea Nahumu na Habakuki alimrudisha mwanzo kwenye Mwanzo. Ndiyo maana Otha alikuwa amevaa tai. Na kwa bahati yake mbaya, mara tu tulipofika kwenye kaunta, nyuma yetu akapanga foleni Mama Ernestine Gaillard wa kwaya, abiria wa kiti cha mbele katika lile basi. Jambo akilisikia yeye, tangazo la kanisani halihitajiki tena.

"Habari za asubuhi, Shemasi. Bwana Wendell," alisema Keturah.

"Nzuri, mwanangu. Nimekuja kuhusu chupa yangu. Imekwisha."

Keturah akabofya kompyuta yake, akasoma, akabofya tena. "Bima wamekataa. Wanasema ni mapema mno. Lakini usijali, iko kwenye zile zinazojazwa zenyewe. Mwisho wa mwezi utapigiwa simu."

"Huyo wa simu namjua. Ananipa habari njema wakati macho yameshachacha."

"Sasa imeishaje mapema hivi?"

Otha akasafisha koo. Nikaanza kusoma bei za pipi.

"Haikujaa," alisema.

"Inatoka kiwandani imefungwa, Shemasi. Mimi nabandika jina lako tu."

"Basi ni tundu."

"Tundu?"

"Tuliache hilo," nikasema. Otha akanikanyaga mguu.

Keturah ni mwema. Aliinama karibu na kioo. "Ngoja tujaribu vingine. Kama imepotea, wanakubali kutoa nyingine. Mara moja tu kwa mwaka."

Uso wa Otha ukang'aa. "Sasa hapo umesema. Imepo..."

"Ala, kumbe ilishapotea Januari," alisema Keturah, macho kwenye kompyuta. "Imeandikwa ilianguka baharini."

"Nilikuwa navua."

"Januari, Shemasi? Na dawa ya macho mfukoni?"

"Samaki wa Januari ni wazuri," alisema Otha kwa sauti ndogo.

"Haya. Unasafiri? Anayesafiri nje ya mji wanampa mapema."

Otha akavuta pumzi ndefu. Nilimwona akipima. Ni shemasi, na kusema uongo mbele ya mwanafunzi wake si jambo dogo, lakini kusafiri hakumdhuru mtu.

"Nasafiri," alisema.

"Unasafiri?" Sauti ilitoka nyuma yetu. "Otha Pettway, unasafiri lini? Na Jumapili tunachukuliwa na nani?"

"Nakuja, Mama Gaillard. Ni safari fupi."

"Fupi ya wapi?"

"Birmingham."

"Kwa nani Birmingham? Wewe huna mtu Birmingham. Verlene anajua?"

"Ernestine, huwezi kuniachia hata mji mmoja?"

"Mimi nauliza tu. Maana mwezi huu tuna siku ya wanawake pale kanisani, na nguo nyeupe siwezi kutembea nazo kwa miguu."

Otha akamgeukia Keturah. "Sisafiri," alisema. "Nilikuwa nafikiria tu."

Keturah alifuta alichokuwa ameanza kuandika. Kisha alishusha sauti, na hapo nikajua kwamba alikuwa ameelewa tangu mwanzo. "Kuna njia moja imebaki. Bima yako inaruhusu matone ya macho yaje mapema kwa mtu ambaye hayamwingii vizuri. Mikono inatetemeka, au shingo haipindi. Wapo wengi, kuliko unavyodhani. Nikipata hiyo ruhusa, hata ule ujazaji wa kila mwezi nitausogeza, isiwe inakukuta mkavu. Lakini lazima mgonjwa mwenyewe aseme. Siwezi kumsemea."

"Mgonjwa yupi?"

"Wewe, Shemasi."

Otha alinyoosha tai yake. "Asante, mwanangu. Nitangoja simu," akasema, akageuka na kuondoka. Alimpita Mama Gaillard kwa hatua za haraka, mgongo umenyooka, nami nyuma yake nikiwaomba watu samahani. Alipofika mlangoni pa kutokea akasimama.

"Umeegesha wapi?" aliuliza. "Pale?"

Alikuwa akinyoosha kidole kwenye safu ya mikokoteni ya dukani, ile ya kubebea vyakula, iliyopangwa pembeni mwa ukuta.

Nilitazama mikokoteni, kisha nikamtazama yeye, na hilo lilimtosha. Alikodoa macho kule mbele. Mmoja wa wafanyakazi akaja akausukuma mstari wote wa mikokoteni ndani, na Otha akautazama unavyompita, ukigongana, mpaka ukaisha.

"Si gari," alisema.

"Si gari, shemeji. Gari liko upande ule."

"Juzi nilisimamisha basi nyumbani kwa yule mjane, Bibi Lovie, nikapiga honi weee. Haikuwa nyumba yake. Nilijiambia wamepaka rangi."

Halafu akageuka, akarudi ndani. Mama Gaillard alikuwa ameshafika kaunta na anafungua pochi. "Nipishe, Ernestine," alisema Otha, na kwa namna alivyosema, akampisha.

"Mpigie huyo wa bima," alimwambia Keturah.

Keturah akapiga, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye kompyuta, akaweka simu kwenye spika. Ulipigwa muziki mrefu wa kungoja. Mwishowe ikasikika sauti ya mwanamke, akataja jina lake na kusema simu inarekodiwa. Keturah akaeleza. Mwanamke akaomba mwanachama mwenyewe athibitishe jina na tarehe ya kuzaliwa.

"Nibonyeze ngapi?" Otha aliuliza.

"Hubonyezi, baba. Mimi ni mtu."

"Samahani, mama. Nimezoea yule mwingine."

"Bwana Pettway, je, unapata shida kujiwekea matone ya macho mwenyewe?"

"Kidogo."

"Nahitaji ndiyo au hapana."

"Ndiyo," alisema Otha kwenye ukosi wake.

"Samahani, sikusikia. Laini ina kelele."

Nilimwona akishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. Sasa, Otha ana sauti mbili. Moja ni ya kawaida, na nyingine ni ile anayoongozea maombi ya Jumapili, ambayo haihitaji kipaza sauti na inasikika mpaka jikoni kwa akina mama wanaokaanga samaki. Akaitoa hiyo ya pili.

"Nimesema ndiyo. Mikono inatetemeka. Naogopa tone likija, nafumba macho. Naweka manne linaingia moja. Dawa inaisha nakaa bila, na sasa mikokoteni naiita magari. Hiyo imesikika?"

Ilisikika. Ilisikika kwenye mikate na kwenye maziwa. Kijana wa kwenye mashine ya kukata nyama aliizima.

"Imesikika vizuri, Bwana Pettway," alisema yule mwanamke, taratibu. "Nimeruhusu. Na pole. Mama yangu naye anafumba."

Keturah alikwenda nyuma, akarudi na kichupa ndani ya mfuko wa karatasi, akakikabidhi kwa mikono miwili. "Lakini hii ni nusu ya kazi," alisema. "Yakiendelea kwenda shavuni, hata nikupe ndoo. Atafutwe mtu wa kukuwekea."

"Una mke wa nini?" alisema Mama Gaillard.

"Ernestine, nunua dawa yako."

"Nanunua. Mimi marehemu mume wangu Purvis ndiye aliyekuwa ananiwekea. Akanizoesha vibaya, sasa mpaka nimngoje binti yangu atoke kazini." Akaweka kadi yake ya bima juu ya kaunta. "Wewe unaye nyumbani, unamfungia komeo."

Sijui habari ya komeo aliipata wapi.

Jioni ile Verlene alinialika chakula, na nilikwenda mapema kwa kuwa alikuwa anakaanga samaki. Tulipomaliza Otha alitoa kichupa mfukoni, akakiweka mbele ya mke wake, akatangaza masharti yake. La kwanza, afanye haraka. La pili, asizungumze wakati anaweka. La tatu, mimi nitazame dirishani.

"Haya, lala," alisema Verlene.

Otha alijinyoosha kwenye kochi, viatu vikiwa vimebaki miguuni. Nilitazama dirishani, lakini kioo kilionyesha kila kitu. Verlene aliketi kwenye mkono wa kochi akamshika paji la uso.

"Unafumba," alisema.

"Umeshavunja sharti la pili."

"Tazama taa. Unakumbuka ile taa tuliinunua wapi?"

"Nitaisahauje? Ilikuwa kwa yule Mgiriki wa barabara ya Dauphin, aliyekataa kupunguza hata..."

"Tayari."

"Tayari nini?"

"Yote mawili. Nimeshaweka."

Otha alibaki amelala. "Sikuhisi kitu," alisema.

"Ndivyo inavyokuwa ikiingia."

Kisha akauliza kama samaki wamebaki.

Mwezi uliofuata nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe, kwa sababu Verlene alikuwa na kazi na kwa sababu Otha alikuwa amekataa kula tangu asubuhi. Alipotoka ndani alikuwa na karatasi mkononi na sura isiyosomeka. Presha imeshuka. Haijashuka kama daktari alivyotaka, lakini hapasuliwi. Matone yaendelee, kila jioni, na awekewe na mtu.

"Na basi?" niliuliza.

"Mchana ndiyo. Usiku hapana." Alisema kwa hasira, lakini funguo alizigusa mfukoni. "Nilimwambia Jumatano somo la Biblia linaisha gizani. Akasema basi Mungu atafute dereva mwingine wa Jumatano."

"Amekwishampata?"

"Ndiyo. Ana leseni, na hana kazi jioni."

Kwa hiyo sasa Jumatano jioni mimi ndiye ninayeshika usukani wa basi jeupe, na Otha anakaa kando yangu. Jumapili iliyotangulia Jumatano yangu ya kwanza aliendesha mwenyewe, jua kali, akawachukua wajane wote bila kukosea nyumba hata moja, na alipofika kwa Bibi Lovie alipiga honi fupi sana, kama mtu anayekohoa kwa adabu.

Jumatano hiyo tulipofika kwa Mama Gaillard alitoka na Biblia yake na shali, akamkuta Otha kwenye kiti chake cha mbele.

"Otha, leo huendeshi?"

"Leo nimemwajiri Wendell," alisema Otha, akashuka kumwekea kigoda.

Nilimtazama aliporudi kukaa. Alifunga mkanda, akaangalia mbele, akaniambia nipinde kulia, nipunguze mwendo, na nisisahau kwamba hawa ni watu wazima.